Mumbai Hadi Chennai, Saa Mbili

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa hapa Bombambili, nyumbani kwako, kuhusu safari moja ya ndege ambayo mimi sikuipanda.

Kutoka Mumbai hadi Chennai ni kilomita elfu moja na ushee. Nimeitafuta kwenye simu mara nyingi hadi nimeikariri. Ni kama Songea hadi Dar, uongeze kidogo, njia uliyoipiga miaka yote na fuso lako. Dada Sabina, aliyekusindikiza kwenye matibabu, anasema mhudumu alipotangaza kwamba safari ni ya saa mbili ulicheka mpaka ukakohoa. "Saa mbili? Mimi saa mbili hata Njombe sijaiona!" Nafurahi kwamba ulicheka.

Alfajiri ile, mkiwa bado Mumbai, Sabina alinitumia ujumbe: "Tunaruka sasa. Chennai saa mbili. Tukishuka, baba anataka aongee na wewe kabla hajalazwa." Huku umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na simu ilikuwa karibu kuzima. Nikaizima mwenyewe ili nitunze chaji ya kuongea na wewe. Nikanywa chai, nikakaa sebuleni, nikisubiri ifike saa mbili asubuhi.

Mimi, Baba, ninayekata tiketi za mabasi stendi! Kila siku nawaambia abiria saa ya kuripoti na saa watakazokaa njiani, na wakichanganya nawafokea. Sabina alimaanisha mtakaa hewani saa mbili. Kwa saa za hapa mlitua saa moja. Mkapiga, mkapiga tena. Nilipowasha simu saa mbili kamili, ulikuwa umeshavishwa barakoa ya oksijeni na daktari hakuruhusu uongee. Siku ya tatu ukafariki.

Tulikuzika vizuri, watu walijaa. Nilirudi kazini wiki iliyofuata. Siku hizi abiria akiuliza saa, namweleza mara mbili: basi linaondoka saa ngapi asubuhi, na mtatumia saa ngapi njiani. Wenzangu wananiita Katekista, eti narudiarudia kama mwalimu wa dini. Nawaacha waniite.

Jumapili iliyopita, tukitoka misa, Sabina aliniambia jambo alilokuwa amelificha. Simu yangu ilipokosa kupatikana, ulimuuliza, "Amelala huyo?" Naye, ili usihangaike, akakujibu, "Eee, amelala, Baba." Ukasema, "Basi mwache alale. Stendi inamchosha."

Sina ugomvi na Sabina, alifanya alichoweza. Wala sikuandika ili unisamehe, maana najua hukuwa na kinyongo. Lakini jibu lile linaniuma kuliko kuikosa simu yenyewe, kwa sababu uliondoka nalo.

Sikuwa nimelala, Baba. Nilikuwa nimeoga, nimevaa shati la kanisani, nimekaa wima, nakusubiri.

Pumzika salama.

Kitindamimba wako