Uso Wangu Kwenye Pakiti

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huo mgongo wako umepoa? Mimi Mungu ananishikilia, ila moto wa jiko unaniwasha macho. Shanga za bluu zimefika dukani kwako? Zilikuwa chupa tupu hizo kabla sijaziyeyusha! Nimezilaza kwenye majivu siku mbili zipoe taratibu. Nikizitoa kwa hizo haraka zako, zitapasukia shingoni mwa mteja. Na ile picha uliyonipiga jikoni, kilemba kimekaa upande, unaifanyia nini?

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo haujambo. Shanga zimeisha siku ileile. Picha nimeibandika kwenye pakiti, wateja wanapenda kumwona aliyezitengeneza. Sasa wanataka pakiti mia nne kwa mwezi. Utaweza?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mia nne! Una dada au una kiwanda? Kila ushanga nauzungusha peke yake motoni, kwenye waya uliopakwa udongo ili usigande. Hamsini nitaweza, Mungu akipenda. Wengine waambie wasubiri.

Dada yako

11 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo wewe na watoto? Mimi napumua, namshukuru Mungu. Miezi minne kimya, hata pakiti hamsini hukutuma mtu azichukue. Nikadhani biashara imelala, nikawa nakuombea kila alfajiri.

Mwanzoni mwa mwezi huu mwenzangu wa ibada alinijia na pakiti mkononi. "Mama Shanga, umeniaibisha! Rangi yote imechujukia kwenye gauni la binti yangu, siku ya harusi!"

Uso ni wangu, na kilemba kile kile upande. Nikapitisha sindano kwenye tundu la ushanga mmoja, ikatoka safi. Ushanga wangu haukosi vumbi jeupe la udongo humo ndani, hata uuoshe mara kumi. Nikaukwaruza ule wa pakiti kwa ukucha. Plastiki, mdogo wangu.

Ningejitetea, ningekutaja wewe. Nikamwomba radhi kana kwamba ni kazi yangu. Amewasimulia wenzetu wote wa ibada, na jiko langu lina siku tisa halijawashwa. Nikianza kukuombea, maneno yananikwama.

Ibandue picha yangu. Shanga za zile pakiti hamsini bado zimo majivuni, zimeshapoa kitambo.

Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako