Walioingia na Taa Bila Kusalimu

Langoni, Lamu
Ijumaa, baada ya sala

Kwako mume wangu, Baba Rukia,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza niambie habari ya goti. Ile dawa ya kuchua wajipaka, au umeiweka dirishani uitazame? Na mama yako yu hali gani, kifua kimetulia? Mwanetu Abudi aenda madrasa, au amepata upenyo kwa kuwa mimi sipo? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu kwenye simu nikianza tu, wewe wasema "Haya, salimia watu," ushakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Karatasi huwezi kuikata nikiwa katikati. Mwandiko unisamehe, mikono hii yajua ukindu zaidi kuliko wino.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Dada yangu Zena ametupa chumba cha juu, kina upepo mzuri, ila chini yetu kuna fundi seremala ambaye nyundo yake haijui kupumzika. Rukia amekonda kidogo, sikufichi, lakini sasa anakula. Nilipotoka Siyu nilidhani naja kumlinda mtoto wa kike ugenini. Kumbe kazi yangu ni kumkumbusha kuwa kuna chakula.

Baba Rukia, mchezo wake umetoka! Watu wanaucheza! Nina habari hata sijui nianzie wapi. Wacha nianze taratibu, nisije nikakuchanganya.

Maneno yako siku ile tunapanda boti sijayasahau. Ulisema mwezi wa Ramadhani ukiandama na watu hawajaukubali mchezo, Rukia afunge kompyuta yake arudi Siyu, na habari ya kutengeneza michezo iishe hapo. Naye alikubali mbele yako. Ulisema pia kwamba huoni sababu ya binti yako kukaa kutunga vitisho, watu wakaogopa bure. Tangu siku hiyo nikiona mwezi mchanga, nahesabu siku zilizobaki.

Sasa sikiliza ulivyo. Ni mfupi. Ukiteleka wali, waweza kuumaliza mchezo kabla wali hujaupalia makaa. Umo ndani ya nyumba kongwe ya mawe, kiza kitupu, na wewe una kandili mkononi. Kutani mna vidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu. Ukiiweka taa kidaka hiki, kivuli cha kiti chaangukia mlango na mlango wafungika. Ukiihamishia kidaka kile, kivuli chasogea na njia yafunguka. Hapo ndipo pa kutumia akili. Lakini humo ndani mna na vivuli vya watu, na watu wenyewe hawapo. Vimesimama tu, vyakutazama. Mara ya kwanza nilisoma Ayatul Kursi kwa sauti kubwa.

"Mama, wavitisha vivuli vyangu!" Rukia akacheka mpaka akaketi sakafuni.

"Haya si majini haya?"

"Si majini. Ni watu wa nyumba."

"Watu gani wasio na miili?"

"Walioishi humo zamani, Mama. Hawamdhuru mtu. Wataka heshima yao tu."

Hata hivyo sikutua. Nilikuwa upande wako, nakwambia kweli.

Wewe wajua kwetu. Magharibi mtu akiingia na taa chumbani penye watu, hutoa masalkheri. Mtoto akiingia kimya huambiwa atoke aingie tena. Basi Rukia aliuweka mchezo hivyo hivyo. Pembeni mwa kioo cha simu mna alama ya mkono. Ukiigusa, umesalimu. Ukishasalimu vivuli huketi, ndipo taa yako ianze kufanya kazi. Usiposalimu, vitasimama mlangoni, hata uhamishe taa kila kidaka. Nilipoucheza mimi nilisalimu. Zena akasalimu. Binti zake wakasalimu. Hakuna aliyekwama, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kuwa kuna la kuelezwa. Rukia akautoa mtandaoni kwa ulimwengu mzima bila neno moja la maelezo.

Maoni yakaanza kuingia. Huko mtu akicheza huandika alivyoona, na huweka nyota, kama wateja wako wanavyokivaa kiatu wakakwambia papo hapo wapi kinabana. Mengi ni ya Kiingereza, Rukia akawa anisomea akinifasiria. La kwanza lasema, "Nimekwama chumba cha kwanza." La pili, "Nimeweka taa kila mahali, hakuna kitu." Mwingine, "Wapendeza macho, lakini mbovu, haufanyi kazi." Mwingine akaandika kwa hasira, "Chumba kimoja tu? Mwatuonaje?" Alidhani nyumba nzima ndiyo hiyo! Na mmoja akasema, "Vivuli hivi vimenikasirikia, na sijui nimewakosea nini." Huyo alikuwa karibu kweli, ila sisi hatukumwelewa.

Rukia aliipekua kazi yake yote akitafuta kosa. Kila akijaribu yeye, mchezo wenda sawasawa. Kila wakijaribu wao, wamekwama. Nikamwona afunga kompyuta, ashika nguo zake, aanza kuzikunja.

"Baba alisema kweli," akaniambia. "Nirudi nifundishe watoto kusoma."

Uji niliomletea ukapoa. Zena akaingia, akaona nguo.

"Wewe Rukia! Kiatu cha baba yako kikimbana mteja, huichoma ngozi yote?"

"Mama mkubwa, hiki hakibani. Hiki hakivaliki kabisa."

Hata mimi nilicheka, na sikuwa na hamu ya kucheka.

Ilikuwa alasiri, nguo zishakunjwa, mara simu ya Rukia ikalia. Maoni mengine. Hakutaka hata kuyatazama, nikamlazimisha. Akatazama, akaruka. "Mama, ndoo! Ndoo hapa utazame, au mato yangu yanidanganya!" Alikuwa ni mwanamke mmoja, mtu wa Pate kwa maneno yake mwenyewe, ameolewa huko ng'ambo, nti za baridi. Aliandika kwa Kiswahili chetu hasa: "Nimemaliza vyumba vyote. Nilipoingia na taa nilisalimu kwa mazoea, wakaketi. Ni nyumba ya nyanya yangu hii. Nimelia jikoni kwangu mpaka mume wangu akaja mbio, akidhani nimejiunguza."

Mimi nikauliza tu, kama mtu anavyouliza, "Kwani hao wengine hawakusalimu?"

Rukia akanitazama. Nami nikamtazama.

"Mama. Hawakusalimu."

"Wote?"

"Wote! Watasalimu vipi na sikuwaambia?"

"Waambiwe? Mtu mzima na akili zake aambiwe kusalimu?"

Akapiga ukelele, Baba Rukia, ukelele hata nyundo ya chini ikanyamaza. Fundi akauliza kwa sauti, "Huko juu, kuna msiba?" Zena akatoa kichwa dirishani akamjibu, "Hakuna msiba, fundi! Kuna watu wameingia nyumba ya watu bila salamu!" Naye akasema, "Basi hao watoeni!" akarudi kugonga misumari yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Rukia akakaa haraka aandike maelezo. Hakuwahi. Yule mwanamke wa Pate alishawaeleza wenzake kwa Kiingereza: salimuni kwanza. Na wao wakaambiana. Kesho yake maoni yaliingia kama mvua ya masika, na mimi niliyekuja hapa kukumbusha watu kula nikasahau kupika. Watu wa nti ambazo sizijui hata kwa jina wanaandika "masalkheri", wengine wameikosea herufi, lakini wameandika! Bwana mmoja alisema, "Nilidhani mizimu ndiyo inayonivizia. Kumbe mimi ndiye niliyeingia kama mwizi." Hilo nilimwomba Rukia anisomee tena na tena. Mama mmoja mjane akasema sasa akiwasha taa nyumbani kwake, aisalimu nyumba japo yu peke yake, na kiza hakimsumbui kama zamani. Kijana mmoja alinuna: "Hakuna damu, hakuna kukimbizwa, mwauita huu mchezo wa kutisha?" Mimi nikasema alhamdulillahi. Wengi walia jambo moja, kuwa mfupi mno, wataka vyumba zaidi. Na yule wa "mwatuonaje" amerudi! Ameongeza nyota, ameandika maneno mawili tu: "Nimesalimu. Samahani."

Maelezo Rukia hakuyaweka tena. Amebadilisha kitu kidogo tu. Sasa mgeni akisimama sana bila kusalimu, kivuli cha bibi mmoja humsalimu yeye kwanza, kama mama yako anavyowafanyia wageni wenye haya. Nilipokiona kivuli kile chainua mkono, ndipo moyo wangu ulipokubali. Si vitisho, Baba Rukia. Waingia ukiogopa, watoka ukitamani kukaa nao. Ingekuwa ni kinyume na dini yetu, mimi ningekuwa wa kwanza kuizima ile kompyuta, na wanijua.

Sasa lililo kubwa. Watu wa Nairobi wanaofanya kazi ya michezo wamemwandikia Rukia. Wataka aitengeneze nyumba nzima, mpaka ua na jikoni na dari, na kazi aifanye hapa hapa Langoni, haendi kokote. Amepiga kelele? La. Amefurahi mpaka machozi, kisha akaweka simu chini. "Siwezi kuwajibu," akasema. "Nilimuahidi Baba." Mimi nikasema watu si wameukubali? Akasema, "Ahadi yangu haikuwa na watu, Mama. Ilikuwa na Baba." Na Ramadhani hiyo yabisha mlangoni.

Kwa hiyo nakuandikia wewe mwenye neno. Nakutumia simu yangu ya zamani kwa nahodha wa boti ya kesho, Rukia ameuweka mchezo ndani na chaji imejaa. Abudi asiucheze kabla yako. Akujulishe pa kugusa, kisha umtoe, ucheze mwenyewe, ukiwa umeketi pale unaposhonea. Tafadhali usiucheze kwa hasira. Kila maoni yakiingia sasa, mazuri kwa mabaya, mwanao huruka kwenye simu akauliza, "Ni Baba?" Namwambia baba yako hana hata hiyo njia ya kuandika huko, yeye haelewi, auliza tena. Ukisema turudi, tutarudi. Mkoba wangu wa nguo sijaufungua wote. Lakini usiseme kabla hujaingia ile nyumba.

Nisalimie mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, umwambie mkeka wake nimeufikisha ukingoni, nitaumaliza inshallah. Nisalimie shemeji Athmani mwenye kutuangalia minazi, na mkewe Bi Fatuma ambaye najua ndiye awapikiaye nyinyi, Mungu amzidishie. Abudi mbusu, kisha umtazame kucha. Zena akusalimu sana, asema makubadhi uliyomshonea bado yadumu, na kwamba la ngozi umelinyoosha, sasa ulinyooshe na hili.

Na kuna moja nimelichelewesha hadi mwisho wa karatasi kwa kuogopa. Vivuli vile vikisalimiwa huitika. Rukia alitafuta sauti ya kuitika, akajaribu yake ikawa ya kitoto, ya Zena ikawa ya sokoni. Akaniomba mimi. Nilikataa, kisha akaniambia niseme tu kama ninavyokuitikia wewe ukirudi magharibi na taa yako. Nikasema. Wamesikia watu wengi, na hawajui ni ya nani, na jina langu halimo. Ukikasirika utakuwa na haki. Lakini ni miezi sasa hujarudi ukanikuta nyumbani, nami sijapata wa kumuitikia. Kwa hiyo ukishaingia kile chumba cha kwanza, gusa ile alama ya mkono, Baba Rukia, na ongeza sauti ya simu kidogo. Nitakuwa humo.

Mkeo akupendaye, akungojaye na neno lako,

Maimuna, Mama Rukia