Nani Anaitika Nikiandika Hifadhi

Jumatatu, 3 Novemba

Kompyuta ya stoo imekufa. Ndiyo iliyotunza faili zote za wagonjwa wa zahanati. Mwanzo sikuhangaika. Kila jioni naketi mapokezi, naandika amri moja, hifadhi, ili faili zinakiliwe kwenye diski ya akiba iliyochomekwa pale mezani. Inajibu "Tayari", navaa buibui langu naondoka. Leo nimefungua hiyo diski. Faili za mwisho ni za Juni. Juni! Tangu nianze kazi hapa haijaingia hata moja.

Caroline, msimamizi wetu, hakupandisha sauti. Amesema ni Mzee Tsuma, anayefagia, ndiye huchomoa waya wa diski achaji simu. Alhamisi anamwachisha kazi.

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi mama mjamzito kutoka Ramisi. Kuna sindano ilimdhuru zamani, jina halikumbuki. "Si mliandika kwenye faili?" Muuguzi akanitazama mimi.

Nimemwamkia Mzee Tsuma. Marahaba yake ilikuwa ya chini sana. Anasema waya huo hajaugusa, simu yake huchaji kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Namwamini, lakini kumwamini kwangu kutamfaa nini?

Nimeiuliza kompyuta kwa amri ya kutafuta programu ilipo: which hifadhi. Ikanionyesha programu, pale pale Abdulrahim alipoiweka. Nimeisoma yote. Haina kasoro. Basi ni Tsuma kweli?

Abdulrahim ndiye aliyeunda mfumo huu na kunifundisha. Ijumaa hii wazee wake wanaleta posa kwetu.

Jumatano, 5 Novemba

Jioni, kwa mazoea tu, nimeandika hifadhi. "Tayari." Nikavaa buibui. Nikasita mlangoni — tayari nini? Kompyuta ya stoo iko kwa fundi Ukunda, imepasuliwa tumbo. Imenakili kutoka wapi?

Nimerudi nikaandika anwani nzima ya programu, si jina tu. Taa ya diski ikawaka, ikalalamika kwamba kompyuta ya stoo haionekani. Hilo ndilo jibu la kweli. Kumbe nikiandika jina peke yake anaitika mwingine!

Nimesoma mtandaoni. Sheli, hiyo inayopokea amri, haikimbilii programu. Kwanza hutazama lakabu, majina ambayo mtu amejiwekea mwenyewe, na ikiipata haitafuti zaidi. Nayo which haikuiona, kazi yake ni kutafuta programu tu. Wa kuulizwa ni amri nyingine, type. Nimemuuliza. Amesema hifadhi ni lakabu, na kazi yake ni kuandika neno "Tayari". Basi. Hakuna kingine.

Nimempigia Abdulrahim. Akasema aliiweka siku ya mafunzo, nijizoeze bila kugusa faili za watu, akasahau kuitoa. Akaniomba nifute mstari huo mmoja wa lakabu. Posa ikishapita atamweleza Caroline mwenyewe.

Na Mzee Tsuma? Akasema mzee hatakosa kibarua kwingine.

Ameniudhi mno. Nampenda, na ameniudhi mno.

Alhamisi, 6 Novemba

Tsuma amekuja na shati lake la Jumapili. Nimemwona anafagia uani kama siku zote, ingawa hakuna aliyemtuma.

Abdulrahim ameandika: "Mwanasha mpenzi, ushafuta?" Sijamjibu. Mstari upo.

Nimemwomba Caroline dakika mbili kabla hajamkabidhi mzee barua ya kuachishwa. Akauliza kuna nini. Nikasema kuna kitu nataka akione, na Mzee Tsuma awepo. Akanitazama, akatoka kwenda kumwita.

Naandika haraka haraka. Mama anapiga simu — najua, ni mchele wa wageni wa kesho. Nimeiacha iite.

Nimeshaandika type hifadhi. Enter bado. Nimeigeuza skrini ielekee kiti cha Caroline, na nimevuta kiti cha pili kwa ajili ya mzee. Nasikia ndara zake zinakuja