Feni Haitoi Hewa Nje

Kyerwa, kwenye machimbo ya bati
Jumatatu asubuhi

Ndugu yangu Elia,

Kosa wanalofanya wengi kuhusu feni ya jiko ni kudhani kwamba inatoa hewa mbaya nje ya nyumba. Haitoi kitu. Inaikoroga tu hewa iliyomo, kama mwiko ndani ya chungu, na kilichomo chunguni kinabaki chunguni. Nisamehe kuanza hivyo kabla sijaitikia shikamoo yako. Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini kifua cha mama yetu kimepata nafuu, na mkeo Yustina anarudiwa na nguvu baada ya kujifungua.

Barua yako niliipata Jumamosi, nikaisoma kwa furaha. Ulisema umetengeneza feni kwa mchoro niliokutumia: ukakata duara kwenye bati la debe, ukapinda mapanga yake, ukaliweka juu ya ncha ya sindano, na joto linalopanda kutoka jikoni likalizungusha lenyewe. Nilicheka uliposema watu wa hapo Bugene wanakuja kuchungulia upepo unaofugwa ndani ya nyumba. Kisha ukaandika kwamba kuni zikishakuwa makaa unaziba bomba la moshi la jiko kwa majani ya mgomba ili joto lisipotee, kwa kuwa mama na mtoto mchanga wanatakiwa kukaa pa moto, na kazi ya hewa umeiachia feni. Mstari huo niliusoma nikaupita. Mimi niliyesoma shule miaka yote ile, nikaupita.

Sasa sikia ya jana. Jirani yangu hapa ni Laurenti, fundi wa kunoa sururu za machimboni. Mkewe Melania ana mtoto wa wiki tatu. Feni yao niliitengeneza kwa mikono yangu. Baada ya ibada ilinyesha mvua ya baridi ya milima hii, nami nikaenda kwao kuomba chumvi. Nilipiga hodi mara tatu, kimya. Nikadhani wamelala, nikageuka niondoke. Kilichonirudisha ni feni, maana niliisikia ikikwaruza ndani, nikajiuliza ni nani alale mchana na kuacha jiko linawaka. Nikasukuma mlango.

Nyumba ilikuwa safi, Elia. Hapakuwa na moshi hata wa kuwasha jicho. Makaa yalikuwa mekundu, yametulia, na feni ilizunguka vizuri kuliko siku zote. Laurenti alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi za sakafuni, ametapika. Melania ameegemea ukuta, macho nusu wazi, na mtoto amelegea kifuani pake kama kitambaa kilicholowa. Nilianza na mtoto. Kisha nikawaburuta wakubwa mpaka nje kwenye mvua, huku nikiita watu. Mguu wangu huu mbovu sijui ulipata wapi nguvu.

Melania alianza kukohoa. Laurenti akafumbua macho, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

"Mzee," akasema, "mbona feni ilikuwa inazunguka?"

Nikamgeukia mtoto. Mtoto alikaa kimya kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Alipolia, wanawake waliokuwa wamekusanyika waliketi chini kwenye matope.

Mhudumu wa zahanati ya machimbo alikuja, akanieleza, nami nakueleza polepole. Kuni zikiacha kutoa moshi na kubaki makaa, makaa hayo hutoa hewa nyingine yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Njia yake ya kutoka ni bomba. Laurenti naye alikuwa ameliziba, yeye kwa gunia, kwa mawazo yale yale yako. Feni inazungushwa na joto tu, haijui hewa nzuri wala mbaya. Tena huzunguka vizuri zaidi makaa yakiwa mekundu, yaani wakati ule ule wa hatari, na wewe ukiitazama moyo unatulia. Ni kitu kizuri cha kueneza joto chumbani. Zaidi ya hapo haina kazi. Katika mchoro niliandika vipimo vyote, lakini neno bomba sikuliandika.

Halafu mhudumu akauliza kama kuna mtu mwingine niliyempa mchoro ule. Hapo ndipo nikaukumbuka mstari wako.

Kama mnaamka na kichwa kizito, au mtoto ananyonya kwa kulegea, msiseme ni uchovu wa uzazi. Barua hii nampa dereva wa lori la kahawa anayeondoka sasa hivi, na nimemwomba asiiache dukani bali akutie mkononi.

Msalimie mama yetu. Dada yetu Anjelina, anayemwogesha mtoto, msomee barua hii yote, kwa sababu yeye akishika jambo habishiwi. Shemeji yangu Yustina mwambie namwomba radhi. Na huyo mdogo mpe salamu za baba yake mkubwa ambaye bado hajamwona.

Ni mimi kaka yako,
Zakaria

Leo, kabla hujatia kuni nyingine, zibua bomba.