Mwezi wa Nasra umesimama, wa bibi yake umelala

Jumapili, Novemba. Baridi ya kukata masikio, lakini mbingu imefunguka leo baada ya wiki nzima ya mawingu. Alhamdulillahi. Niandike kabla moyo haujapoa.

Ijumaa Rukia alinipigia simu akiwa njiani kwenda kazini. Rukia ni mamake Nasra, wanakaa Croydon, huku huku London, na Nasra yumo katika darasa langu la Kiswahili la mtandaoni tangu baada ya Ramadhani. Miezi yote hiyo sijaisikia sauti yake. Namwona mraba mweusi wenye jina, basi. Rukia akaniambia kwa upole, kama mtu anayekataa chakula cha watu, kwamba Jumapili hii itakuwa ya mwisho.

"Dada, usione vibaya. Afadhali atoke sasa kuliko aje akichukie Kiswahili chenyewe."

Nasra ana bibi yake Kisauni, Mombasa, mama mzazi wa Rukia. Wakipigiana simu ni salamu mbili tatu, kisha mtoto anamrudishia mama simu yake. Huyu bibi hajui Kiingereza, na mjukuu hana cha kumwambia. Nikawa nawaza, mtoto akitoka kwangu, yule mzee ndiye anayezidi kumkosa.

Na kosa nalijua liko wapi. Mimi niliishia darasa la nane, kazi yangu London ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na nafundisha vile nilivyofundishwa: nasema, wanarudia. Lakini sisi tulikaa mkeka mmoja, ukisinzia mwenzio anakufinya. Kwenye kompyuta mtoto anazima kamera, nabaki nalisomesha giza.

Jana nikamwita Maimuna, binti wa kakangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa. Tukakaa jikoni kwangu Thornton Heath, chai na mahamri, tukalipanga somo upya. Akasema niwape swali ambalo hakuna mmoja anayeweza kulijibu peke yake. Kila mtoto alete kipande chake, wakiweke kwenye ubao mmoja wa mtandaoni ambao wote wanaweza kuuchora, kisha wachunguze na wabishane.

"Na wewe shangazi, ukilijua jibu, limeze."

Kulimeza! Mimi niliyekuzwa kwamba mtoto anayeuliza sana hana adabu.

Nikachagua mwezi, kwa kuwa bado ni mchanga na Mola ametutaka tuitazame mbingu. Kila mtoto aende dirishani kwake, autazame, arudi auchore. Mimi nikatangulia kuuchora wangu pembeni uwe mfano, kama nilivyokuwa nikiuona Mombasa tangu utotoni: umelala chali, pembe zote mbili juu.

Leo saa kumi na moja jioni wakaingia, watano. Nikawasikia wakisukuma viti, na Yusuf wa Hounslow, karibu na uwanja wa ndege, akilalamika kwamba ndege zinampita mbele ya mwezi wake. Michoro ikaanza kutokea ubaoni, mmoja baada ya mwingine, hata wa Nasra, kamera ikiwa bado imezimwa.

Yote mitano imesimama wima, kama sikio.

"Bi Mwanaisha," Yusuf akasema, "mwezi wako umeanguka."

Wakacheka. Nikafungua mdomo kuwasahihisha, halafu nikajiuliza: mwezi wa London niliutazama lini mara ya mwisho? Huku habari ya mwandamo naletewa na simu. Miaka yote hii nafunga na kufungua kwa mwezi nisiouona.

Nikasema neno ambalo sijapata kulisema darasani.

"Sijui. Huenda nyinyi ndio mko sawa. Tutajuaje?"

Yusuf akataka kutafuta picha kwenye simu. Nikamwambia picha haitatuambia ilipigwa wapi, tunahitaji mtu aliye chini ya mbingu ya kule sasa hivi. Kisha ule mraba mweusi ukawaka. Kitanda, pazia, na msichana wa miaka kumi mwenye macho ya mamake.

"Bibi yangu yuko Kisauni. Naweza kupiga."

Rukia alikuwa kazini, hapakuwa na wa kumsemea. Nasra akaishika simu yake mbele ya kompyuta, sote tukasikia ikiita. Kule ilikuwa saa mbili usiku. Bibi akapokea kwa hofu: mamako yuko wapi, kuna nini, nani mgonjwa?

"Hakuna mgonjwa. Bibi, toka nje. Angalia mwezi."

"Wanipigia simu kwa ajili ya mwezi?"

"Ndiyo. Imelala ama imesimama?"

Ulimi ukaniwasha kumrekebisha. Nikajizima sauti. Mwalimu mzima, nimejizima sauti mwenyewe.

Tukasikia ndara zikiburuta, mlango, kisha pumzi ya mtu anayetazama juu.

"Umelala, mwanangu. Kama bakuli."

"Yetu imesimama."

"Urongo huo."

"Haki ya Mungu, Bibi." Akawasha video, akaielekeza simu dirishani kutoka ghorofa ya tisa.

Bibi akashangaa: "Subhanallah. Nani kausimamisha?"

Hapo watoto wote wakazuka pamoja, Kiingereza kitupu, mpaka bibi akawauliza kama wanamsengenya. Ikabidi wageuze. Yusuf akasema huku ni baridi, mwezi hauwezi kulala. Mwingine akasema labda si mwezi, labda ni sisi tumesimama upande. Nasra akawa anamtafsiria bibi yake kila lisilonyooka. Nasra!

Kabla ya kukata simu bibi akasema, "Mkishajua, wewe ndiye unipigie. Si mamako."

Darasa lilipokwisha nikavaa koti juu ya dera, nikatoka hadi kona ya mtaa. Ulikuwa pale, juu ya paa la kinyozi. Umesimama.

Baada ya Isha Rukia ameniandikia. Amerudi kutoka kazini akamkuta Nasra yuko tena kwenye simu na bibi yake, huyu ana chungwa mkononi na yule ana ndimu, wanazungusha kama dunia na mwezi. Mwisho akauliza: "Dada, Jumapili ijayo ni saa ngapi?"

Saa haijabadilika tangu tuanze, naye anaijua. Nikamjibu: kumi na moja.

Maimuna naye amenitumia video fupi inayoeleza sababu yenyewe. Iko hapa kwenye simu yangu, sijaifungua. Ee Mola, nipe subira nisiiguse. Nataka nijue pamoja nao.