Kitabu na Zizi Lake

Tarbaj, 3 Februari 2025

Hooyo mpenzi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, alhamdulillahi. Kifua chako je?

Nakuandikia kwa Kiswahili, usishtuke. Mwalimu wa Kiswahili amehamishwa, na mwalimu mkuu amenikabidhi Kidato cha Nne. Mimi! Vyeti vyangu vinasema Hisabati na Fizikia. Leo nimefundisha ngeli, mwanafunzi mmoja, Liban, akaandika, "Kitabu yangu imepotea." Nilijua ni kosa, kulieleza sikuweza. Mtihani ni Novemba, na naogopa wanafunzi wataanguka kwa sababu yangu.

Wewe ulijifunza lugha hii kwa kuwauzia mbuzi wanunuzi wa Mwingi. Nisaidie, na unijibu kwa Kiswahili nipate mazoezi.

Binti yako,
Bilan

Waberi, 11 Februari 2025

Bilan mwanangu,

Waaleikum salaam. Kifua kimepona, mdomo haujawahi kuugua.

Nimecheka hadi chai ikamwagika. Miaka minne chuoni, na mazizi yamekushinda? Mbuzi ana zizi lake, ngamia ana lake, na kila mali ina chapa ya mwenyewe. Kitabu ni ya zizi la KI. Basi "changu", "kimepotea": maneno yote chapa moja. Hiyo "yangu" ni mbuzi wa jirani, mtoe! Watoto wa wafugaji hawakosi kumjua mnyama mgeni.

Mama yako,
Hooyo Arbia

Tarbaj, 4 Julai 2025

Hooyo mpenzi,

Asalaam aleikum. Nisamehe kimya, nilikuwa nachunga. Hujambo lakini?

Nilichora mazizi ubaoni, na tangu siku hiyo darasa zima linafukuza mbuzi wa jirani. Katika mtihani wa majaribio wanafunzi ni thelathini na wawili. Waliofeli ni watatu tu! Na jana ameripoti Mwalimu Khadra, aliyesomea Kiswahili hasa. Nilimkumbatia getini kabla hajatua begi. Nimerudi kwenye Hisabati yangu, naye amenikataza kufuta mazizi.

Ila nimekuaibisha. Leo nilipowaaga wanafunzi niliwapa barua yako waisome. Liban akasimama: "Mwalimu, mama ameandika 'kitabu ni ya zizi'. Mbuzi wa jirani huyo!" Nilijaribu kukutetea, nikashindwa.

Binti yako,
Bilan

Waberi, 12 Julai 2025

Bilan mwanangu,

Waaleikum salaam. Afya ninayo, aibu pia.

Mwambie Liban nimekubali: kitabu ni CHA zizi la KI. Miaka thelathini sokoni, hakuna aliyewahi kunitolea mbuzi zizini. Nimelia mbele ya wateja, wakadhani nimefiwa. Furaha yangu ni mkubwa.

Barua hii nimeisoma mara tatu kabla ya kuifunga. Wakiona mbuzi wa jirani humu, waambie nimemwacha makusudi.

Mama yako,
Hooyo Arbia