Kikilia, Usije

Jumanne, 8 Julai 1986

Mwalimu Nyaboke wa ngumbaru kasema tuandike hata mstari mmoja, tusisahau herufi. Leo yapo ya kuandika!

Nilikuwa napepeta mahindi. Mara chuoni kitu kikalia — sauti kama mwanamke mwenye uchungu, yapanda, yashuka, yapanda tena. Ungo nikauacha pale pale, kuku wakafanya karamu. Nikashika ndoo, nikapiga ukemi. Kijiji kizima kikatoka. Jirani yangu Lewa na jembe, mkewe na matawi mabichi ya kupigia moto. Huku kwetu ukisikia ukemi huulizi. Wenda. Na mjukuu wangu Kadzo alala kule, asomea kilimo. Mwezi jana tu ghala lao la nyasi za ng'ombe liliungua.

Tukafika twahema. Wanafunzi wamepangwa kiwanjani kwa mistari kama mihogo, wahesabiwa. Moshi hakuna. Kumbe wajaribu king'ora kipya! Na mimi nimebeba maji yote yale, nusu yamenimwagikia.

Kadzo alikuwa mstari wa mbele. Akaniona na leso yangu imelowa. Akatazama chini. Wenzake wakacheka.

Miguu yaniuma. Basi.

Ijumaa, 11 Julai

Kadzo kaja na mkuu wa chuo mwenyewe, Bwana Mwaura. Shikamoo kaisema vizuri kwa mtu wa bara. Nikampa kiti na dafu.

Akasema king'ora kikilia wanafunzi hutoka nje, husimama kiwanjani, huhesabiwa, ijulikane nani kabaki ndani. Sisi tukiingia na majembe hesabu yaharibika. Juzi hata Lewa alihesabiwa. Lewa mwanafunzi! Na meno yale matatu!

Nikamuuliza, na moto ukiwa wa kweli, mzimaji nani? Akasema watapiga simu, gari la faya lije. Nikamwambia, mwanangu, kwa mchanga wa njia hii, gari likifika mtakuwa mko matangani. Hakukasirika. Kacheka, kaomba dafu la pili. Mtu mzuri, ila kakonda.

Akasema: Mama, wewe ndiye wanayekusikia. Waambie wasije.

Sikutaka. Kadzo akanishika mkono. Hawe, bibi yangu, nakuomba, wenzangu waniita mjukuu wa faya. Kikilia, usije.

Kwa mtoto huyu sina ubavu. Mamake alipokufa nilimbeba mgongoni mpaka akaona haya mwenyewe, akashuka. Nikaahidi. Nikapita nyumba kwa nyumba, nikawaapisha wote. Lewa kanuna: sasa mtu akilia tumtazame? Nikamwambia nyamaza we.

Ijumaa, 18 Julai

Wamejaribu tena, kama walivyotuma mtu kutuambia, kwamba sasa watajaribu Ijumaa tu. Nilijifungia ndani nikashika komeo kwa mikono miwili. Hakuna aliyekwenda. Nikaona vibaya sana.

Jumamosi, 19 Julai

Kadzo kaja kula. Sima, mchunga, samaki wa kukaanga. Kachokoachokoa tu. Nikajua.

Jana kagombezwa mbele ya watu. Rafiki yake wa chumba, Adhiambo, alikuwa kitandani na homa. King'ora kililia, Kadzo katoka na wenzake, kafika kiwanjani, kamkumbuka. Karudi ndani mbio! Kamtoa Adhiambo mgongoni. Bwana Mwaura kamwambia, ungekuwa moto wa kweli ningezika wawili. Kurudi ndani marufuku. Akirudia afukuzwa chuo.

Nikamwambia mwalimu wako kasema kweli. Kisha nikageukia jiko. Hawe, wacheka? Nikasema moshi huu. Mgongoni! Mtoto huyu jamani!

Nikamwapisha na yeye. Hutarudi ndani, wasikia? Kasema ndiyo, Hawe. Kasema haraka mno.

Jumanne, 22 Julai

Kinalia. Leo si Ijumaa. Hakuna aliyetumwa kutuambia.

Moshi sioni, mikorosho imeziba.

Wote wako uani kwangu. Lewa, mkewe, akina mama wa bondeni, ndoo zimejaa. Wanitazama mimi. Lewa aniita: Mekazungu, twende au tukae? Mimi ndiye niliyewaapisha. Nikitoka watoka wote.

Naandika ili miguu itulie. Niliahidi. Labda wajaribu tu. Labda sasa hivi wamhesabu Kadzo, yuko mstarini, atazama chini.

Adhiambo bado ana homa. Mtoto kaniambia jana, alipopitia ndizi.

Hayuko mstarini. Mimi namjua.

Kimenyamaza — la, kimeanza tena. Lewa haulizi tena. Kavua kanzu.

Mkono huu waandika. Huu mwingine umeshashika ndoo